Harufu Niliyosema Haipo

Wanangu mnaoshika spana leo, maji ya injini hayapotei. Yanahama. Hilo nilifundishwa Manyoni nikiwa na umri kama wenu, na nalitanguliza hapa kwa sababu yanayofuata yananitia aibu, na mtu mwenye aibu hupenda kuanza na jambo analolijua vizuri.

Aliyenifundisha alikuwa Fundi Mashaka, mfupi, mkali, mwenye ovaroli iliyokwisha kusahau rangi yake. Gari likija limepungua maji bila kuacha alama chini, sisi wanafunzi tulikimbilia spana. Yeye alikaa kwenye kreti la soda akauliza, "Yamehamia kwa nani?" Ukijibu kwamba hujui, anakutuma: "Kawapigie hodi majirani."

Majirani wa maji aliwataja kwa mpangilio uleule kila mara. Ardhi kwanza: tandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini jioni, ulisome asubuhi. Halafu oili: chomoa kijiti, na ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, basi maji yameingia huko. Halafu moshi: gari likishapata moto na bado linatoa moshi mweupe mzito, maji yanaungulia ndani ya silinda. Wa mwisho alimwita mnafiki, kwa sababu anaishi na abiria, amejificha nyuma ya dashibodi. Huyo ni hita, kirejeta kidogo kinachopitisha maji ya moto ya injini ili kuwapasha watu walioketi. Mafundi wa Pwani wanaweza kumaliza kazi yao ya maisha bila kuigusa. Sisi huku Singida, upepo wa Juni ukianza kupiga, tunaikumbuka.

"Hita haivuji mbele ya macho," alisema Fundi Mashaka. "Inalowesha kapeti, inatia ukungu wa mafutamafuta kwenye kioo. Na kama gari lina kulanti, utaisikia harufu. Tamu, kama sukari inayoanza kuungua. Hapo pua yako ndiyo spana."

Kulanti yenyewe, dawa ya rangi inayotiwa kwenye maji ya injini isiliwe na kutu, wakati ule ilikuwa ya magari ya wakubwa. Sisi wengine tulitia maji ya kisima, na mnayajua maji ya visima vyetu: ukiyachemshia chai, sufuria inaota ngozi nyeupe. Ngozi hiyohiyo iliota ndani ya injini, na chumvi ikala alumini polepole kama mchwa. Nimefungua pampu za maji ambazo mapanga yake yalibaki kama meno yangu ya leo. Mpaka sasa kuna dereva atakayekwambia kulanti ni rangi tu ya kuwapumbaza wateja. Usibishane naye. Mwonyeshe pampu. Ila chumvi ile ilikuwa na wema mmoja: palipovuja maji yakakauka, iliacha mstari mweupe, nawe ukaufuata kwa tochi hadi mlangoni kwa mwizi.

Kabla sijafika ninakokwenda, nitawachekesha kidogo, nijipe ujasiri.

Siku moja Fundi Mashaka alikwenda msibani, akaniachia gereji. Akaja dereva wa lori, rejeta inatoa machozi. Nilikuwa nimesikia kwamba ute wa yai ukimiminwa kwenye rejeta ya moto huganda na kuziba tundu. Singida hatukosi yai. Wala sikumwaga ute wa yai moja. Nilimwaga karibu trei nzima, kwa roho safi. Tundu likaziba. Rejeta yote ikaziba. Lori halikumaliza hata kilima cha kwanza. Fundi Mashaka aliporudi alifungua mfuniko, akachungulia, akamwambia dereva, "Tuletee chumvi." Kisha akanigeukia. "Wewe umekuja kusomea injini au upishi?"

Kwa miezi mingi nilikuwa naitwa Mpishi. Ile haikuwa aibu, ingawa nilidhani ni aibu. Watu wakikucheka kwa kosa lililo wazi, wanakusaidia kulibeba.

Baadaye nilifungua gereji yangu Singida mjini, kando ya barabara ya Ikungi. Hapo alinijia Elisante, kijana asiyejua spana inashikwa upande gani, na leo ndiye mwenye gereji. Huyu ana subira kama ya mfugaji. Kuna gari lilitusumbua, linapungua maji na kote ni kukavu. Mimi nililitazama mchana, nikalitazama tena mchana mwingine. Elisante alilitazama alfajiri, injini haijawashwa, akapitisha vidole chini ya mpira wa maji mahali klipu inapobana. Unyevu. Baridi ya usiku ilikuwa inauminya mpira, maji yanatoka tone tone; injini ikipata moto mpira unatanuka na kujiziba wenyewe. Nilimwambia, "Una jicho." Sikumwambia kwamba mimi nililipita jambo lile lile mara mbili.

Tulikuwa na desturi katika gereji. Sikuitunga mimi, ila niliifurahia. Gari gumu likija, mzee ndiye husema kwanza. Akishasema, wadogo hushika spana. Huwezi kumpa mtu shikamoo asubuhi, halafu mchana umwambie mbele ya mteja kwamba amekosea. Na kwangu mimi desturi hiyo ilikaa puani. Wateja walikuwa wakisema, "Ngojeni Mzee Yohana anuse." Nilikuwa naingiza kichwa ndani ya gari, nafumba macho, natoka na jibu. Hata nilipokwisha kumwachia Elisante kazi nzito, niliendelea kufika kila siku kwa ajili ya kunusa.

Halafu nikashikwa na mafua makali, na yalipoondoka yaliondoka na pua.

Nililijua hilo nyumbani. Mke wangu alikuwa anakaanga vitunguu, nikamuuliza leo tunakula nini. Akacheka. Aliponitazama akaacha kucheka. "Huvisikii?" Nikamwambia itarudi. Akasema niende hospitali, nikasema itarudi. Gereji sikumwambia mtu. Nilikuwa nimekwisha kumpa Elisante spana, vyuma na funguo za mlango. Pua ndicho kitu kilichonibakishia kiti pale.

Sasa nimefika.

Mwaka jana, baridi ikiwa imekolea, alikuja Mama Naomi wa Issuna. Anakusanya mafuta ya alizeti vijijini na kuyaleta mjini kwa pikapu ya milango minne. Dereva wake alikuwa Hamisi, kijana wa Mgori, mpole, wa kufuta vioo hata pasipo na vumbi. Asubuhi ile gari lilikuwa limechemka njiani. Mama Naomi alianza kusema mguu mmoja ukiwa bado ndani.

"Shikamoo, Mzee Yohana. Nimekuja unihukumie."

"Marahaba, mama. Nihukumu nini?"

"Huyu. Kila siku maji yamepungua, maji yamepungua. Yanakwenda wapi? Anayanywa?"

"Mama, mimi naangalia kila asubuhi," Hamisi alisema.

"Unaangalia, halafu linachemka! Sasa hayo macho yana kazi gani?" Akanigeukia tena. "Mzee, wewe ndiye nitakayekuamini. Ukisema gari lina ubovu wake, yameisha. Ukisema huyu analiendesha kavu, ananikabidhi ufunguo hapa hapa."

Kwa hiyo nilijua. Naomba mlikumbuke hilo. Nilijua tangu mwanzo kwamba kazi ya yule kijana iko mkononi mwangu.

Niliwapigia hodi majirani. Chini pakavu. Oili safi. Moshi wa kawaida. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angejua kwamba amebaki jirani mmoja tu. Nikafungua mlango wa kushoto, anapoketi Mama Naomi. Miguuni palikuwa na madumu madogo ya mafuta ya kuonjesha wateja, na kapeti lilikuwa limelowa, linateleza.

"Hayo ni alizeti," Mama Naomi alisema. "Dumu lilivuja."

Hamisi alikuwa nyuma ya bega langu. "Mzee, mama akisikia baridi ya magoti huniambia nifungue hita. Nikifungua tu, kioo kinashika ukungu. Na kuna kaharufu..."

"Harufu gani?"

"Kama tamu tamu hivi."

Elisante aliinama, akaingiza kichwa ndani ya gari, akakitoa. Akanitazama. Zamu ilikuwa yangu.

Nilisugua kapeti kwa vidole, nikavipeleka puani, nikafumba macho kama nilivyozoea. Hapakuwa na kitu. Si kulanti, si alizeti, si vumbi la Issuna. Ilikuwa kama kunusa glasi tupu. Watu walikuwa wamesimama kunizunguka, mafundi, wateja, mama wa maandazi, wote wakingoja. Ningeweza kusema, "Elisante, nusa wewe." Maneno matatu. Nikasema, "Alizeti. Hakuna harufu nyingine hapa."

Uongo ukishaingia unataka kiti. Maji yalihitaji kwenda mahali, nami nikayapeleka: nikasema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na silinda, imeungua, na gasketi haiungui bila gari kuendeshwa likiwa kavu.

Mama Naomi alinyoosha kiganja. Hamisi hakubisha. Alitoa funguo mfukoni. Ule wa gari ulikuwa kwenye pete moja na funguo za nyumbani kwake, na pete ilikuwa ngumu. Alihangaika nayo kwa kucha. Hakuna aliyemsaidia. Alipoutoa akamkabidhi mama kwa mikono miwili, kisha akaniambia, "Asante, Mzee," akaondoka kwa miguu.

Tulifungua hedi. Elisante aliiweka gasketi mezani, akaigeuza huku na huku. Ilikuwa nzima. Hata alama ya moto haikuwa nayo.

"Mzee, unaionaje?"

"Imechoka. Weka mpya."

"Sawa, Mzee."

Baridi ilikuwa haijaisha Mama Naomi aliporudi, na dereva mwingine. "Maji yamepungua," alisema, safari hii bila makelele. "Huyu naye anayanywa?"

Nilifungua mdomo kusema sijui nini. Elisante hakuningoja. Alikwenda kuchukua pampu ya kupimia presha. Ninyi mnayo ya dukani, yenye geji. Sisi Manyoni tulikuwa na pampu ya baiskeli, na mfuniko mkuukuu wa rejeta tulioutoboa na kuuvalisha valvu ya tairi, na ilifanya kazi ileile. Alisubiri injini ipoe, kwa sababu rejeta ya moto haifunguliwi. Kisha akafanya jambo ambalo nataka mliandike kichwani: alifungua hita mpaka mwisho kabla ya kupampu. Kwenye gari kama lile, hita ikifungwa maji hayapiti huko, na ukipima hivyo utakuta hakuna panapovuja, utamwambia mwenye gari aende salama. Ndiyo maana lilikuwa linapungua wakati wa baridi tu. Elisante akapampu hewa ndani ya rejeta, akafunua kapeti. Mshale wa geji ukaanza kushuka. Chini ya dashibodi likadondoka tone la kijani, na jingine.

Mama Naomi alipokwenda kunywa chai, nilimuuliza Elisante, "Ulijua lini?"

"Siku ile ile, Mzee. Ilikuwa inasikika mpaka nje ya mlango."

"Na wengine?"

"Tuliisikia wote."

"Mbona hukusema?"

Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Ulisema haipo."

Nimetukanwa na madereva wa malori, nimetukanwa na Fundi Mashaka ambaye alikuwa bingwa wa fani hiyo. Hakuna tusi lililoniingia kama lile jibu la heshima.

Nilikwenda Mgori kumtafuta Hamisi. Njia nzima, nyuma ya bodaboda, nilikuwa napanga maneno. Nitasema nilikosea. Nitasema hata fundi hukosea, vipimo vilikuwa haviko karibu. Habari ya pua sikuipanga popote. Nilikuwa naenda kuomba radhi, na bado nilikuwa natafuta pa kuificha.

Nilimkuta uani akipiga alizeti kwa fimbo, nywele zimejaa makapi. Alinitangulia, "Shikamoo, Mzee," kama vile nimekuja kumtembelea baba yake. Akaniwekea kiti barazani, akaenda kunawa na kumwita mama yake. Nyuma ya kiti changu palikuwa na jiko la mkaa na sufuria ya maziwa waliyoniwekea mgeni. Mimi nikatazama mbele, narudia hotuba yangu.

"Mzee! Maziwa!"

Hamisi alinipita mbio, akaiepua sufuria. Nilipogeuka, moshi ulikuwa umejaa baraza, maziwa yamefurika na kuungulia kwenye mkaa. Mama yake alisema neno kwa Kinyaturu akacheka, kumwondolea mgeni haya. Hamisi hakucheka. Alitazama jiko, akatazama kiti changu.

"Mzee, hukuisikia?"

"Sikuisikia."

"Yameungua hapa, mgongoni kwako."

Hotuba yote ikaniponyoka. "Sisikii harufu, Hamisi. Tangu mafua."

Akaketi juu ya gunia. "Mafua ya kabla ya siku ile?"

"Ya kabla."

Mama yake aliacha kufuta jiko. Hamisi akasema, "Mimi nilidhani Mama Naomi alikupanga. Nimekaa hapa namfikiria vibaya mama wa watu." Akaokota kichwa cha alizeti, akakipukuchua kwa dole gumba. "Ungesema tu, Mzee. Ningekunusia."

Nilitazama miguu yangu. Huko ndiko nilikoweza kutazama.

"Mama Naomi anajua?" aliuliza.

"Anajua kwamba ni hita. Nitamwambia nilikosea."

"Si hita." Akagusa pua yake mwenyewe. "Hii. Na umwambie pale pale nilipotolea ufunguo."

Nilimwambia pale pale. Siku Mama Naomi alipofuata gari, hita mpya imefungwa, Hamisi akiwa amesimama karibu na lango na mafundi wakiwa wameacha nyundo, nilisema kwamba pua yangu imekufa, kwamba ilikuwa imekufa siku ile nilipofumba macho mbele yao, na kwamba gasketi ilikuwa nzima. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Mtu wa nyuma akasema, "Hatusikii, Mzee," ikabidi nirudie yote kwa sauti.

Mama Naomi alinitazama sana. "Kwa hiyo nilimfukuza mtoto wa mwenzangu kwa pua isiyofanya kazi."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi niliisikia ile harufu!" Akajipiga paja. "Mimi ninayenusa alizeti kila siku iendayo kwa Mungu! Nikajiambia, Mzee Yohana akisema ni alizeti, basi pua yangu ndiyo mbovu." Hakunisamehe, wala sikumwomba. Alikwenda langoni, akamkabidhi Hamisi ufunguo kwa mikono miwili. "Nisamehe, baba." Hamisi aliupokea, akaitikia kwa kichwa, akaingia garini na kuanza kufuta kioo kwa ndani.

Desturi ya gereji imegeuzwa. Elisante hakuniuliza; siku iliyofuata tu nilikuta gari gumu limezungukwa, na aliyekuwa akisema kwanza ni fundi mdogo kuliko wote, mkubwa akiwa wa mwisho. Nawaomba mlichukue hilo muende nalo mnakokwenda. Kiungo kikifa, au jicho likififia, au sikio likianza kukuacha, mwambie mwenzako siku hiyo hiyo, wakati bado ni habari ya mwili wako peke yako. Ukichelewa inakuwa habari ya kazi ya mtu mwingine.

Siku ile, kabla hawajaondoka, Hamisi alinifungulia mlango wa kushoto. "Panda, Mzee." Nikapanda. Akapandisha vioo vyote, akafungua hita mpaka mwisho, tukazunguka mpaka njia panda na kurudi, joto likinipanda magotini. Kioo kilibaki safi. Nilivuta pumzi kwa nguvu. Glasi tupu.

"Kunanukia nini?" nilimuuliza.

Hamisi alivuta pumzi kwa ajili yangu, taratibu, kama mtu anayepima. "Hakuna kitu, Mzee. Alizeti kidogo tu."

Nilimtazama usoni, nikamwamini. Sikuwa na kipimo kingine.